Mabadiliko ya Sheria ya Ajira Uingereza: Yanayomhusu Mwajiri

Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 2025 iliidhinishwa na Mfalme tarehe 18 Desemba 2025. Kwa sehemu kubwa inahusu England, Wales na Scotland, kwani Ireland ya Kaskazini ina sheria zake za kazi. Inatekelezwa kwa awamu, na haki nyingi zilizokuwa zikisubiri mfanyakazi akae kazini kwanza zimesogezwa karibu na siku anayoripoti.

Mwelekeo huo ulianza mapema. Tangu 6 Aprili 2024, mwajiriwa anaruhusiwa kuomba kubadilishiwa saa au mahali pa kufanyia kazi kuanzia siku ya kwanza, na mwajiri anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya miezi 2. Tangu 26 Oktoba 2024, mwajiri ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kuzuia unyanyasaji wa kingono kabla haujatokea. Mlalamikaji akishinda kesi, nao wajibu huo ukawa umekiukwa, fidia yaweza kuongezwa hadi asilimia 25.

Malipo ya ugonjwa

Zamani mgonjwa hakulipwa kwa siku 3 za mwanzo, na aliyepata chini ya pauni 125 kwa wiki hakulipwa kabisa. Masharti hayo yote mawili yaliondolewa 6 Aprili 2026. Kiwango kikawa asilimia 80 ya kipato cha wiki au pauni 123.25, kile kilicho kidogo. Mfagizi wa ofisi anayepata pauni 100 kwa wiki, ambaye zamani angeugua bila senti, anastahili pauni 80 akiugua wiki nzima. Fedha hizo hutoka mfukoni mwa mwajiri.

Kuachishwa kazi

Tangu 2012, mwajiriwa alihitaji miaka 2 kazini ndipo aweze kushtaki kwa kuachishwa isivyo haki. Muswada wa awali ulitaka kinga hiyo ianze siku ya kwanza. Baada ya mvutano na Baraza la Malord, serikali ilikubali miezi 6, kuanzia 1 Januari 2027, na ukomo wa fidia ukafutwa. Hivyo aliyeajiriwa Juni 2026 anaingia kwenye kinga siku hiyohiyo ya mwaka mpya. Kesi za ubaguzi hazijawahi kuwa na muda wa kusubiri.

Gharama

Nje ya sheria hiyo, tangu Aprili 2025 mwajiri huchangia bima ya taifa asilimia 15 ya mshahara unaozidi pauni 5,000 kwa mwaka. Kima cha chini kwa wenye miaka 21 na zaidi kilifika pauni 12.71 kwa saa Aprili 2026.

Kwa mwajiri, uzito umehamia kwenye kipindi cha majaribio. Tathmini, maonyo na mafunzo viwekwe kwenye maandishi mapema, na uamuzi wa kumbakiza mtu ufanywe kabla miezi 6 kazini haijatimia. Baada ya hapo mwajiri atatakiwa kuonyesha sababu halali na utaratibu wa haki.