Waroma na Maneno Waliyotoka Nayo Bara Hindi

Ulaya iliwaita Waroma Wamisri. Walipotokea huko kwa wingi katika karne ya 15, wenyeji walidhani wanatoka kando ya Mto Nile, na dhana hiyo ikadumu miaka zaidi ya 300. Msomi Johann Rüdiger wa mji wa Halle, Ujerumani, alimwendea mwanamke Mroma, Barbara Makelin, akamwomba amtafsirie sentensi kadhaa, kisha akazilinganisha na sarufi ya Kihindustani. Alichapisha matokeo, kwamba Waroma walitoka India, mwaka 1782, miaka minne kabla ya hotuba mashuhuri ya William Jones kuhusu Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huko Kolkata. Jones ndiye anayesifiwa vitabuni. Makelin, mwenye maneno yake, hutajwa kwa nadra.

Kwa Kiromani, lugha ya Waroma, maji ni pani, kwa Kisanskriti paniya. Usiku ni rat, kutoka ratri. Lakini kufanana tu hakutoshi, maana maneno huazimwa. Kinachoshawishi ni utaratibu wa sauti: palipokuwa na bh, dh au gh mwanzoni mwa neno la Kisanskriti, Kiromani kwa kawaida kina ph, th na kh, zinazotamkwa kwa pumzi. Bhratar, kaka, amekuwa phral. Dhuma, moshi, ni thuv. Gharma, joto, ni kham, yaani jua. Mtu wa Mombasa, ambaye hatamki paa la nyumba sawa na paa wa porini, anaijua pumzi hiyo.

Njiani waliokota mengine. Saba, nane na tisa ni za Kigiriki: efta, ohto, enja. Sisi tuliochukua sita, saba na tisa kwa Waarabu tusishangae. Kwa Waajemi walipata baht, neno lile lile lililotufikia likiwa bahati. Mwanaisimu Franz Miklosich wa Vienna alitumia maneno ya namna hiyo, katika miaka ya 1870, kuchora njia ya safari yao: ya Kigiriki yamo katika lahaja zote, kwa hiyo walikaa pamoja katika nchi za Wagiriki kabla ya kutawanyika.

Lakini walitoka India ipi? Mwaka 1926 mwanaisimu Ralph Turner alionyesha kwamba Kiromani kina mabadiliko ya kale ya lugha za India ya kati, ila mkono bado ni vast, na tatu ni trin, huku Kihindi kikisema hath na tin. Konsonanti hizo pacha, st na tr, zimehifadhiwa katika lugha za kaskazini-magharibi. Kwa hiyo, alisema Turner, walianzia katikati, wakahamia kaskazini-magharibi wakakaa karne nyingi, ndipo wakaondoka.