Betri ni ya nani? Historia ndefu ya kubadilisha betri

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nizungumzie pikipiki. Ukipita steji za bodaboda hapa Nairobi siku hizi utaziona zile zisizonguruma wala kutoa moshi. Betri ikikaribia kwisha, mwenye bodaboda hakai kusubiri ichajiwe. Anaingia kituoni, anachomoa iliyochoka, anapewa iliyojaa, analipa kwa simu, huyoo anaondoka. Wengi wanadhani huu ni uvumbuzi wa juzi. La hasha! Ni wazo lenye zaidi ya miaka 125, na limeshakufa na kufufuka mara kadhaa. Ni vizuri tujue lilikufaje, maana safari hii aliyepanda ni jirani yetu, na mara nyingi amepanda kwa mkopo.

Turudi New York, mwaka 1897. Barabara bado ni za farasi. Henry Morris na Pedro Salom wa Philadelphia walikuwa wameunda gari la umeme mwaka 1894, wakaliita Electrobat. Sasa kampuni yao ikaanzisha teksi za umeme mjini New York. Betri zilikuwa za risasi na asidi, nzito mno, na kuzichaji kulichukua saa nyingi. Teksi iliyosimama haileti hela, kila dereva anajua hilo. Wakafanyaje? Teksi iliingia kituoni, betri nzima ikavutwa nje kwa mitambo, nyingine ikasukumwa mahali pake, safari ikaendelea. Kazi ya dakika chache, kama tu ya leo.

Tena msidhani gari la umeme lilikuwa kichekesho enzi hizo. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu ya petroli. Petroli ndiyo iliyoshika mkia!

Biashara ile ya teksi ikaingia mikononi mwa matajiri, ikawa Electric Vehicle Company, ikataka kuenea miji mingine mikubwa. Lakini betri zilikufa upesi kwa mitikisiko ya barabara na utunzaji mbaya. Mwaka 1907 kampuni ikafilisika. Cha kuchekesha ni kwamba tangu mwaka 1899 ilikuwa imenunua haki ya uvumbuzi wa gari la petroli iliyosajiliwa na George Selden, na watengenezaji wa magari ya petroli wakawa wanailipa ada. Kampuni ya umeme ikawa inakula jasho la petroli.

Wazo halikuzikwa naye. Mwaka 1910, mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ya huko ilianza mpango ambao ukiusoma leo utadhani ni tangazo la juma lililopita. Mfanyabiashara alinunua lori la umeme bila betri. Betri alipewa na kampuni ya umeme, akabadilishiwa kila ilipoisha, akalipa ada ya kila mwezi pamoja na malipo ya kila maili aliyotembea. Mpango huo uliendelea hadi 1924, na malori hayo yakatembea zaidi ya maili milioni 6. Tuseme ukweli, huo ni ushindi. Mwenye betri alikuwa ni yule yule muuza umeme, kwa hiyo kila lori lililotembea lilimpa faida mara mbili, na alikuwa na kila sababu ya kuitunza betri.

Mbona basi petroli ilishinda? Sababu zinajulikana. Model T ya Ford ilitoka mwaka 1908 kwa dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Mwaka 1912 Cadillac ilileta starta ya umeme, watu wakaacha kuzungusha mkono wa chuma uliokuwa ukivunja mikono ya watu. Lakini kuna sababu moja ambayo mimi kama mwandishi wa programu naiona kubwa kuliko inavyopewa sifa. Petroli haiulizi gari ni la nani. Ya tajiri huyu inaingia kwenye tangi la gari la tajiri yule. Unaweza kuinunua kwa galoni dukani, ukaimimina kwenye jerikeni, ukampa jirani. Muuzaji wako akifunga duka leo, kesho unanunua kwingine na gari halitajua tofauti. Kwa lugha ya kazi yetu, tangi la petroli ni mlango ulio wazi kwa wote.

Sasa turuke miaka. Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, ikabadilisha hesabu zote za uzito. Mwaka 2007 mwenzetu wa programu, Shai Agassi, aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya SAP, alianzisha Better Place. Mpango wake ulikuwa ule ule wa Hartford uliovalishwa nguo mpya: unanunua gari, betri inabaki mali ya kampuni, unalipia safari zako, na ukiwa na haraka roboti inakubadilishia betri kwa takriban dakika tano. Wawekezaji walimwaga takriban dola milioni 850. Mtambo wa kubadilisha betri ulifanya kazi. Shida ni kwamba uliifaa aina moja tu ya gari, Renault Fluence Z.E. Watengenezaji wengine hawakutaka kuunda magari yao kwa kufuata umbo la betri ya mtu mwingine. Magari yaliyouzwa Israel na Denmark hayakufika 1,500, vituo vya gharama kubwa vikakaa bila wateja, na Mei 2013 kampuni ikaomba kufilisiwa.

Hebu mfikirie aliyenunua gari lile. Gari ni lake, lakini betri iliyo ndani yake ni mali ya kampuni iliyokwisha kufa. Vituo vya kubadilisha vikafungwa. Kilichomwokoa ni kitu kidogo: gari lilikuwa na plagi, kwa hiyo aliweza kulichaji nyumbani na kuendelea kutembea, japo si mbali. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yeye angalau alibaki na shuka.

Haya, turudi kwetu. Kwa nini bodaboda za umeme zinabadilishiwa betri? Kwa sababu betri ndiyo sehemu ghali. Ukiiondoa kwenye bei, pikipiki inanunulika na mtu wa kawaida. Na umeme wetu mwingi unatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, na upepo, kwa hiyo hatuagizi mafuta kwa dola ili kijana apeleke abiria Kawangware. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri. Haya yote ni mema na mimi nayashangilia.

Lakini kwa kawaida betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Wengine watasema ni suala la umbo la sanduku tu. Si umbo tu. Betri ya leo ni kompyuta ndogo. Ndani yake kuna ubao wa elektroniki unaopima volti na joto la kila kundi la seli, unaohesabu chaji iliyobaki, na unaozungumza na pikipiki kupitia waya. Waya huo mara nyingi hutumia CAN, mfumo wa mawasiliano ndani ya magari ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986. Mfumo ni mmoja, lakini ujumbe unaopita humo kila kampuni inauandika kivyake. Unaweza kuwa na betri mbili za volti 72, zenye ukubwa sawa na plagi sawa, zikachomekwa vizuri kabisa, na pikipiki ikakataa kuwaka kwa sababu haielewi salamu ya betri ngeni. Ukiongeza kwamba programu hiyo inaweza kumruhusu mwenye betri kuizima akiwa mbali, utaona kwamba mamlaka juu ya pikipiki hayako tena kwa anayeishika usukani.

Je, yawezekana kuwa vingine? Ndiyo. Taiwan, mtandao wa Gogoro ulioanza mwaka 2015 uliwafungulia watengenezaji wengine mlango, wakiwemo Yamaha, wakaunda skuta zinazotumia betri zile zile. Septemba 2021 Honda, Yamaha, KTM na Piaggio walitia saini kuunda muungano wa kutafuta betri ya pamoja ya kubadilishana. Nasi tunakumbuka chaja za simu: Nokia ya pini nene, Nokia ya pini nyembamba, na kila kampuni nyingine na yake, hadi nyumba nzima ikajaa nyaya. Tangu mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha simu mpya ziuzwe na tundu la USB-C. Hilo halikuja kwa huruma ya watengenezaji, lilikuja kwa sheria.

Kwa hiyo mimi ningeomba mambo matatu kabla mtu hajatia saini mkataba wa pikipiki ya miezi mingi. Kwanza, plagi: awe na njia ya kuichaji bila kupita kituo cha kampuni. Pili, ile lugha ya betri na pikipiki ichapishwe, fundi yeyote wa Gikomba aweze kuisoma. Tatu, mkataba useme wazi betri itakuwa ya nani siku kampuni ikifunga mlango. Kwenye programu tuna desturi ya zamani: mteja mkubwa hudai nakala ya msimbo iwekwe kwa mtu wa tatu, ili mwenye programu akifilisika mteja asikwame. Benki hupewa haki hiyo bila mabishano. Sioni kwa nini mtu anayelisha watoto wake kwa pikipiki moja anyimwe.