Wamtwapa Bila Mtwapa: Ardhi ya Taifa Mbele ya Sheria ya 1908

Mji wa Mtwapa ulikuwa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto wa bahari wenye jina hilohilo, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba umeonyesha kuwa mji ulikaliwa kwa karne nyingi hadi ya 18. Leo yamesalia magofu ya mawe ya matumbawe, msikiti, makaburi na visima. Wenyewe hawakutoweka: walihamia kisiwani, wakawa Wamtwapa wa Tisa Taifa, yaani muungano wa mataifa (koo) tisa ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Wakilifi, Wajomvu, Wamvita na wenzao. Waliacha nyumba lakini hawakuliacha jina, na kwa jina hilo waliendelea kujihesabu wenye haki katika bara iliyokuwa yao. Ninachodai hapa ni kwamba haki hiyo haikufa pamoja na mji. Ilikatwa na sheria.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mdai wa ardhi ya pwani ajitokeze na kuthibitisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mtu mmoja mwenye shamba, minazi yake na mashahidi wa mpaka aliweza kupata hati. Tisa Taifa na wenzao wa Mombasa, Thalatha Taifa (mataifa matatu), walipodai ardhi kwa pamoja, mahakama iliwakatalia. Watetezi wa uamuzi huo husema sharia yenyewe ya Kiislamu humpa ardhi mfu yule aliyeifufua, na msitu uliolala hauna mwenyewe. Hoja hii inachukua nusu ya fiqhi na kuiacha nusu. Fiqhi hiyohiyo inautambulia mji harimu yake, yaani eneo la kuni, malisho na njia, ambalo halifufuliwi na mtu mmoja kwa manufaa yake. Isitoshe, shamba lililolazwa ili lipate nguvu halijatupwa, na mkulima yeyote wa pwani analijua hilo.

Wengine hutilia shaka mataifa yenyewe: wageni waliingizwa, shajara za nasaba zikarekebishwa. Ni kweli, wala si aibu. Kampuni hubadilisha wanahisa kila mwaka na mali yake haigeuki kuwa ya serikali.

Pingamizi lililo zito zaidi ni lingine. Sehemu kubwa ya ardhi ile ililimwa na watumwa na kupitiwa na Wamijikenda, na ukoo wa mjini ukiitwa mwenye ardhi, jasho la hao linafutwa. Nakubali, dai la taifa halikuwa safi. Lakini sheria ya 1908 haikuwapa wao chochote. Iliwageuza maskwota katika mashamba waliyoyalima, huku reli iliyoanza kujengwa 1896 na bandari ya Kilindini zikipandisha bei, na wenye hati wakiuza. Msomaji wa mitaa ya Bondeni au Majengo, Mombasa, anaijua nyumba isiyo na ardhi: kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine, kodi hulipwa. Utaratibu huo una mizizi ya kale, ila hati za mtu mmojammoja ndizo zilizoufanya mzigo wa kurithishana.

Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Pwani, tume isianzie kwa waliopewa hati. Ianze na madai yaliyotupwa, ya mataifa na ya waliolima pia, na iyasome kwa pamoja.