Mia Nne na Tisa

Jengo namba 409 la barabara ya Edgecombe lilikamilika mwaka 1917, juu ya kilima kaskazini mwa Harlem, New York. Lina ghorofa 13, nalo limekaa ukingoni mwa genge, bonde lote likiwa chini yake. Waliolichora ni Schwartz na Gross, mabingwa wa fleti za wenye nazo. Wenye nazo maana yake Wazungu. Mweusi hakupangishwa.

Mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1920. Wazungu walikuwa wanahama, na fleti tupu hailipi kodi. Weusi wenye kazi nzuri wakahamia, kilima kikaitwa Sugar Hill, kwa utamu wa maisha ya huko juu, na jengo likabaki na namba yake tu: mia nne na tisa.

Humo alikaa Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, Mweusi kwa nasaba lakini mwenye macho ya buluu na nywele za kimanjano. Kwa sura hiyo alikwenda majimbo ya Kusini kuchunguza mauaji ya Weusi, na wauaji wenyewe wakamsimulia wakidhani ni mwenzao. Fleti yake ikaitwa White House ya Harlem. Alikaa pia mchoraji Aaron Douglas. Na alikaa Stephanie St. Clair, mama wa visiwa vya Karibi aliyetajirika kwa kamari haramu ya namba, akikatiza ukumbini na kilemba cha rangi kali na koti refu la manyoya. Watetezi wa haki na malkia wa kamari, lifti moja! Kwangu mimi hapo ndipo penye raha ya historia hii.

Miaka ya 1940 alihamia mwanazuoni mzee W.E.B. Du Bois. Mwaka 1945 alivuka bahari hadi Manchester kuongoza mkutano wa Umajumui wa Afrika, ambao Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wa waandalizi wake.

Mpangaji mwingine alikuwa wakili Thurgood Marshall. Alikuwa ameshahama pale Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipomwita London, Januari 1960, awe mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House. Akawaandikia rasimu ya haki za raia, na ndani yake kinga ya walio wachache, yaani Wahindi na Wazungu, pamoja na mali zao. Mtu aliyewahi kupanga katika jengo ambalo mwanzoni lisingempokea ndiye aliyewawekea masetla Wazungu kinga ya sheria mlangoni mwao.

Jiji la New York lilitangaza 409 kuwa jengo la kumbukumbu mwaka 1993. Watu bado wanaishi humo. Ukienda kulitazama, shuka treni kituo cha mtaa wa 155, ulitazame ukiwa nje.