Uwekezaji wa Uswidi katika Jeshi la Anga

Jeshi la Anga la Uswidi liliundwa rasmi tarehe 1 Julai 1926. Tangu hapo serikali za nchi hiyo, za mrengo wa kushoto kwa wa kulia, zimelilea kwa uvumilivu usio wa kawaida. Nchi nyingi zenye watu wachache hununua ndege za kivita kutoka nje fedha zinapopatikana, kisha hukaa miaka mingi kabla ya kufikiria nyingine. Uswidi, iliyokuwa na watu wapatao milioni 7 katikati ya karne ya 20, ilichagua kubuni na kuunda ndege zake, na kwa zaidi ya nusu karne michoro ya ndege mpya ilikuwa mezani kabla iliyotangulia haijachakaa. Hoja ya makala hii ni kwamba nguvu ya jeshi hilo ilizaliwa na mwendelezo huo wa maamuzi kuliko sifa za ndege yoyote moja.

Chimbuko

Uamuzi wa bunge wa 1925 uliozaa jeshi la anga ulikuwa kwa kweli uamuzi wa kupunguza silaha. Vikosi kadhaa vya nchi kavu vilivunjwa, na ndege zilizokuwa chini ya majeshi ya nchi kavu na majini zikaunganishwa kuwa jeshi linalojitegemea. Fedha hazikufuata mara moja. Zilianza kuja baada ya uamuzi wa ulinzi wa 1936, Ujerumani ilipokuwa ikijizatiti waziwazi. Mwaka uliofuata kampuni ya Saab ikaanzishwa Trollhättan, na mwaka 1939 ikaungana na kiwanda cha ndege cha Linköping, mji ambao umekuwa makao yake makuu ya kuunda ndege hadi leo.

Kilichoiimarisha sera hiyo ni mwaka 1940. Uswidi ilikuwa imeagiza ndege 120 za kampuni ya Seversky kutoka Marekani, lakini zilipofika 60 Washington ikazuia zilizobaki, na oda ya ndege za Vultee ikazuiwa pia. Hayo yalitokea wakati Denmark na Norwei zimekwisha kuvamiwa, na baada ya Uswidi kupeleka ndege za kivita 12 aina ya Gladiator, pamoja na marubani wa kujitolea, kuisaidia Ufini katika Vita ya Majira ya Baridi. Nchi ikajikuta inanunua ndege za mabawa mawili kutoka Italia, zilizopitwa na wakati hata kabla hazijafika. Kwa dharura hiyo ikabuniwa J 22, ndege ya fremu ya chuma na ngozi ya mbao, maana uwezo wa Saab ulikuwa umeelekezwa kwenye ndege nyingine. Iliruka kwa mara ya kwanza 1942, na zikaundwa 198. Haikuwa ndege ya kutikisa dunia, ila iliwathibitishia wanasiasa wa Stockholm kwamba mafundi wa kwao wanaweza. Zuio la Marekani nalo liliwafundisha kwamba ndege iliyolipiwa nje inaweza kubaki nje.

Kiwanda, bunge na barabara

Baada ya vita uwekezaji ulishika kasi ambayo mataifa mengi makubwa kuliko Uswidi hayakuifikia. Wahandisi wa Saab walipata kupitia Uswisi matokeo ya utafiti wa Kijerumani kuhusu mabawa yaliyolala nyuma, na kutokana nayo wakachora J 29 Tunnan, ndege nene yenye umbo la pipa iliyoruka 1948. Zikaundwa 661, na mwaka 1954 mojawapo ikaweka rekodi ya dunia ya mwendo katika mzunguko wa kilomita 500. Tunnan ilikuwa bado inatoka kiwandani pale Lansen iliporuka 1952, na Lansen ilikuwa mpya kabisa pale Draken, kazi ya timu ya mhandisi Erik Bratt, iliporuka 1955. Viggen ikafuata 1967, kisha Gripen 1988. Mpangilio huu wa tarehe unaeleza mengi. Mhandisi aliyejifunza kazi akiwa kijana kwenye Tunnan aliweza kuwa mkuu wa idara kwenye Viggen bila kuhama mji, na makosa ya ndege moja yalisahihishwa na watu walewale waliochora inayofuata. Ujuzi wa namna hiyo hauagizwi kutoka nje, na ukitawanyika haukusanyiki kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Bunge liliuwezesha mwendelezo huo kwa kupitisha maamuzi ya ulinzi ya miaka kadhaa kwa mkupuo, badala ya kuacha kila kitu kigombaniwe kila bajeti. Katika miaka ya 1950 na 1960 ulinzi ulichukua karibu asilimia 4 ya pato la taifa, na jeshi la anga, lenye kambi zaidi ya 15, mara nyingi lilihesabiwa miongoni mwa manne makubwa duniani. Ikumbukwe kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo chama cha Social Democrats chini ya Tage Erlander, waziri mkuu wa 1946 hadi 1969, kilikuwa kikijenga pensheni, shule na hospitali. Wanaosema kwamba nchi lazima ichague kati ya zahanati na ndege ya kivita wana haki ya kuuliza, lakini Uswidi ya Erlander ilifanya yote mawili. Iliweza kwa sababu uchumi wake ulikuwa ukikua na kodi zake zilikuwa kubwa, masharti ambayo nchi nyingi hazina.

Fedha hazikuishia kwenye ndege. Mfumo wa rada na mawasiliano ulioitwa STRIL 60 uliiwezesha Draken kupokea maelekezo kutoka ardhini kwa njia ya data, jambo lililokuwa jipya wakati huo. Mipango ya Bas 60 na baadaye Bas 90 ilitawanya ndege kwenye viwanja vingi vidogo na vipande vya barabara kuu, ili adui asiweze kuzimaliza kwa shambulio moja. Mpango huo wa barabara ndio ulioamua umbo la ndege zenyewe. Viggen ilipewa kifaa cha kugeuza msukumo wa injini ili itue kwenye mita 500 tu, na Gripen ilitakiwa itumie barabara ya mita 800, huku fundi mmoja na vijana watano walioandikishwa jeshini wakiijaza mafuta na makombora kwa takriban dakika 10. Vijana hao walikuwa sehemu ya silaha. Bila sheria ya kuandikisha raia, ndege iliyobuniwa hivyo ingekosa watu wa kuihudumia msituni.

Gharama ya damu haipaswi kufichwa nyuma ya sifa hizi. Mamia ya marubani walikufa katika mazoezi ya miaka ya Vita Baridi, mengi yakiwa ya kuruka chini sana katika hali mbaya ya hewa. Nchi haikuwa vitani, lakini ililipa kwa maisha ya vijana wake.

Kongo

Mara moja tu ndege za kivita zilizoundwa Uswidi zilipigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na ilikuwa katika Kongo. Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja huo, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola tarehe 18 Septemba 1961 akishughulikia mgogoro wa Kongo. Mwezi uliofuata Tunnan za kwanza 5 zilifika, zikiwa na kituo kwanza Luluabourg, ambayo sasa ni Kananga, kisha Kamina katika Katanga. Mwishoni mwa 1962 zilishambulia uwanja wa Kolwezi na kuteketeza ndege za Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, zikiwa ardhini. Kikosi kilipoondoka 1963, ndege kadhaa ziliharibiwa hukohuko Kamina, maana kuzirudisha kungegharimu kuliko thamani yake.

Pingamizi

Pingamizi zito zaidi linahusu injini. Injini za ndege zote kuanzia Draken zilitokana na miundo ya kigeni: Rolls-Royce kwa Draken, Pratt & Whitney kwa Viggen, General Electric kwa Gripen. Marekani ilipokataa mwaka 1978 Viggen iuzwe India, ilionekana wazi kwamba uhuru wa Uswidi ulikuwa na mpaka. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linathibitisha kidogo kuliko linavyodai. Injini ilizuia biashara. Haikuzuia jeshi la Uswidi kurusha ndege zake, kuzitengeneza na kuzibadilisha litakavyo. Pingamizi jingine linahusu sera ya Uswidi ya kutofungamana na upande wowote: tume ya serikali ilionyesha mwaka 1994 kwamba Uswidi ilikuwa na maandalizi ya siri ya kushirikiana na nchi za NATO. Maandalizi hayo hayakuwa mkataba, na serikali isiyo na mkataba ilikuwa na sababu ya kutotegemea wokovu wa wengine.

Wengine husema Norwei na Denmark ziliamua vizuri zaidi mwaka 1975, ziliponunua F-16 pamoja na Ubelgiji na Uholanzi. Kwa bei ya ndege moja moja huenda ni kweli. Ila nchi hizo zilikuwa ndani ya NATO tangu 1949. Ulinganisho wa haki zaidi ni Afrika Kusini, iliyonunua Gripen 26 katika mpango wa silaha wa 1999 uliozungukwa na tuhuma za rushwa. Kuanzia Septemba 2021 ndege hizo zilikaa ardhini takriban mwaka mzima kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha. Ndege ni ileile inayoruka kutoka kambi ya Såtenäs nchini Uswidi. Kilichokosekana ni fedha za kila mwaka na utaratibu wa kuzitoa.

Gripen na miaka ya kulegea

Bunge liliidhinisha Gripen mwaka 1982. Ndege ya majaribio ilianguka Linköping tarehe 2 Februari 1989, na nyingine ikaanguka Stockholm tarehe 8 Agosti 1993 mbele ya umati wa watu, mikononi mwa rubani yuleyule. Hitilafu ilihusu programu ya kuongoza ndege. Serikali dhaifu ingeufuta mradi baada ya tukio la pili. Uswidi iliuendeleza, na jumla ya ndege 204 zikaagizwa kwa jeshi lake.

Hata hivyo, Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika, uvumilivu huo nao ulipungua. Ängelholm ilifungwa 2002, Uppsala 2003, Östersund 2005, zikabaki kambi tatu za ndege za kivita. Bajeti ilishuka hadi karibu asilimia 1 ya pato la taifa, na uandikishaji wa vijana ukasimamishwa 2010. Urusi ilipotwaa Krimea mwaka 2014, Uswidi iligundua kwamba viwanja vya kutawanyia ndege vilikuwa vimeachwa, na waliojua kuvitumia walikuwa wamestaafu. Uandikishaji ulirudishwa kwa uamuzi wa 2017, na Uppsala ikafunguliwa tena 2021, miaka 18 baada ya kufungwa.

Hali ya sasa

Gripen E, iliyoruka mara ya kwanza 2017, imeagizwa na nchi kadhaa, zikiwemo Uswidi na Brazil. Uswidi iliingia NATO tarehe 7 Machi 2024. Mwezi huohuo serikali iliipa Saab kazi ya kuchunguza miundo ya ndege itakayofuata Gripen. Kama itaundwa Linköping, kwa ushirikiano na nchi nyingine, au itanunuliwa nje, bado haijaamuliwa.