Pampu ipi? Michepuo miwili ya upasuaji wa moyo

Neno "baipasi" limezoeleka barabarani na hospitalini. Mshipa unaoupa msuli wa moyo damu ukiziba, daktari huchukua mshipa mwingine mguuni au kifuani, akauunganisha mbele ya pale palipoziba ili damu ipite kando. Huo ni mchepuo hasa, kama barabara ya mchepuo inayouzunguka mji wenye foleni. Neno letu lipo, na linatosha.

Taabu huanza upasuaji huo unapogawanywa katika aina mbili, na mfasiri akaandika "kwa pampu" na "bila pampu". Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba moyo ni pampu. Mgonjwa akiambiwa atapasuliwa bila pampu, aelewe nini?

Pampu inayosemwa ni mashine ya moyo na mapafu. Hupokea damu inayorudi kutoka mwilini, ikaitia oksijeni, ikaisukuma tena kwenye aota, mshipa mkuu wa damu. Moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu, na daktari akashona mishipa myembamba mahali palipotulia. Daktari John Gibbon ndiye aliyeitumia mashine hiyo kwa mafanikio kwanza, Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953, alipoziba tundu ndani ya moyo wa msichana wa miaka 18.

Hapo ndipo penye fundo. Damu kupitia mashine badala ya moyo na mapafu nako huitwa baipasi. Kwa hiyo mchepuo wa kwanza hukwepa kizibo na hubaki mwilini. Wa pili hukwepa moyo wenyewe na huisha upasuaji ukiisha. Anayepasuliwa "bila pampu" anaepushwa na huu wa pili tu. Moyo wake huendelea kudunda, na kifaa maalumu hutuliza kipande kile kinachoshonwa. Daktari Vasilii Kolesov alishona moyo ukidunda hivyo Leningrad mwaka 1964, miaka mitatu kabla ya daktari René Favaloro kuanza kutumia mshipa wa mguu kule Cleveland.

Wapo wanaopendekeza "upasuaji wa moyo unaodunda". Ni jina zuri, nami nililipenda, lakini halitoshi: kuna madaktari wanaounganisha mashine na bado wakauacha moyo udunde. Kinachotenganisha njia hizi mbili ni mashine, basi jina liitaje mashine.

Tena jina lisimvute mgonjwa upande wowote, maana "bila" husikika kama nafuu. Utafiti wa ROOBY wa Marekani, uliotolewa mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 2,203, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja michepuo iliyobaki wazi ilikuwa asilimia 82.6 kwa waliopasuliwa bila mashine, na 87.8 kwa waliotumia mashine. Ule wa CORONARY, wagonjwa 4,752 katika nchi 19, ulionyesha kuwa bila mashine damu ya kuongezewa hupungua, na madhara ya figo hupungua siku za mwanzo. Lakini baada ya miaka mitano vifo, kiharusi na shambulio la moyo havikutofautiana. Kuzoea kwa daktari njia anayoitumia kuna uzito mkubwa.

Wafasiri wenzangu, tuandike "mchepuo wa mishipa ya moyo kwa mashine ya moyo na mapafu", na "bila mashine ya moyo na mapafu". Ni marefu, lakini mgonjwa anayetakiwa kutia sahihi fomu ya ridhaa atayaelewa.