Waashi wa Kiingereza Katika Nchi ya Ujerumani

Hili ni somo letu la historia ya kazi na wafanya kazi. Nawe uliyekosa kusikia, au unayetaka kurudia polepole, karatasi hii ni yako. Isome mwenyewe, kisha uwasomee wenzako.

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa televisheni, tena mchezo wa kuchekesha. Labda utauliza: kichekesho na historia vina uhusiano gani? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tuujue mchezo wenyewe.

Jina lake ni Auf Wiedersehen, Pet. Maneno mawili ya kwanza ni ya Kijerumani, na maana yake ni kwa heri ya kuonana. Neno la mwisho, Pet, ni la Kiingereza cha kaskazini-mashariki ya Uingereza, sehemu za mji wa Newcastle. Huko mume humwita mkewe hivyo, na hata mwenye duka humwita hivyo mteja asiyemjua, kama sisi tusemavyo "mpenzi" au "mwanangu" bila kuwa na undugu wowote. Basi nusu ya jina iko ugenini, na nusu iko nyumbani. Na ndivyo walivyo watu wa mchezo huu.

Ulianza kuonyeshwa huko Uingereza tarehe 11 Novemba 1983, na sehemu ya kwanza ilikuwa na vipindi 13. Wazo lilitoka kwa Franc Roddam, mtengenezaji wa filamu, mtu wa upande huo huo wa kaskazini-mashariki, aliyewajua mafundi wa kwao waliokwenda Ujerumani kutafuta riziki. Walioandika ni Dick Clement na Ian La Frenais.

Watu wakubwa katika mchezo ni saba. Dennis, Neville na Oz ni waashi kutoka Newcastle na jirani zake. Bomber ni mwashi pia, lakini ametoka magharibi ya nchi. Barry ni fundi wa umeme kutoka Uingereza ya kati, Wayne ni seremala wa London, na Moxey, fundi wa kupiga lipu, ni mtu wa Liverpool. Wote ni Waingereza, lakini kila mmoja ana lafudhi yake, kama vile mtu wa Lamu, wa Unguja na wa Tabora wakikutana chumba kimoja. Wanajenga nyumba katika mji wa Düsseldorf, na usiku wanalala pamoja katika banda la mbao.

Sasa natutazame historia. Ilikuwaje mwashi wa Kiingereza aondoke kwao kwenda kuweka matofali Ujerumani? Tutatafuta mambo matatu: kilichomsukuma, kilichomvuta, na aliyemfungulia mlango.

Kwanza, kilichomsukuma. Kaskazini-mashariki ya Uingereza ilikuwa nchi ya makaa ya mawe, ya kuunda meli na ya kufua chuma. Kazi hizo zilipungua mwaka hata mwaka. Mwaka 1980 kiwanda kikubwa cha chuma katika mji wa Consett kilifungwa, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Ilipofika mwezi Januari 1982, watu wasio na kazi katika Uingereza nzima walizidi milioni 3. Hesabu kubwa namna hiyo haikuwa imeonekana tangu miaka ya 1930. Sasa fikiri: mwashi hujengea nani? Humjengea mwenye kiwanda anayetaka kupanua kiwanda, na mwenye mshahara anayetaka nyumba. Kiwanda kikifungwa, na mshahara ukikatika, hakuna ajengaye. Kwa hiyo ukosefu wa kazi ulioanza katika tanuri ya chuma ulifika upesi kwa mtu mwenye mwiko na pimamaji.

Pili, kilichomvuta. Ili tuelewe jambo hili yafaa turudi nyuma mpaka mwaka 1945. Mwaka huo Ujerumani ilishindwa vita. Miji yake mingi ilikuwa magofu, na Düsseldorf ilikuwa mmoja wapo, maana ndege za Uingereza zilikuwa zimeipiga sana kwa mabomu. Washindi waligawana nchi ile ili waitawale, na Düsseldorf ikaangukia katika sehemu ya Waingereza. Mwaka 1946 Waingereza hao hao ndio walioanzisha jimbo jipya la Nordrhein-Westfalen, na Düsseldorf ikawa mji wake mkuu. Basi siku zile Mwingereza katika Düsseldorf alikuwa askari au ofisa, na Mjerumani alikuwa mtu wa kungojea amri.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1948 Ujerumani ya Magharibi ilipata fedha mpya, na viwanda vikaanza kufufuka. Baada ya miaka michache kazi zilikuwa nyingi kuliko watu. Serikali ikafanya mapatano na nchi nyingine ili zilete wafanya kazi: Italia mwaka 1955, Uhispania na Ugiriki mwaka 1960, Uturuki mwaka 1961, na nyingine baadaye. Watu hao waliitwa kwa Kijerumani Gastarbeiter, maana yake wafanya kazi wageni. Mwaka 1964 alifika mgeni wa milioni moja, Mreno, akapokewa stesheni ya Köln kwa shangwe na kupewa zawadi ya pikipiki ndogo. Mgeni, kama tujuavyo, hutazamiwa aondoke. Lakini wengi hawakuondoka, maana mtu hawezi kuacha moyo wake nyumbani akapeleka mikono peke yake.

Tatu, aliyefungua mlango. Hapa nakuomba usikilize kwa makini. Tarehe 1 Januari 1973 Uingereza iliingia katika Soko la Pamoja la Ulaya. Kanuni moja ya Soko hilo ilikuwa kwamba mfanya kazi wa nchi moja aweza kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine iliyo mwanachama. Mwaka ule ule, mwezi Novemba, bei ya mafuta ilipopanda na hofu ikaingia, Ujerumani ya Magharibi ilisimamisha kuandika wafanya kazi kutoka nchi zisizo katika Soko. Basi katika mwaka mmoja mlango ulifungwa kwa Mturuki, ukafunguliwa kwa Mwingereza. Je, Mwingereza alikuwa fundi hodari kuliko Mturuki? Hapana. Aliyemtenga huyu na yule alikuwa mwandika sheria.

Sasa tukiurudia mchezo wetu, twaona kichekesho chake kimesimama juu ya nini. Oz ndiye mwenye kelele kuliko wote. Huwasema Wajerumani juu ya vita kana kwamba vilikwisha jana, na kana kwamba yeye ndiye aliyevishinda. Lakini jioni, mshindi huyo hurudi kulala katika banda alilopewa na walioshindwa, banda ambalo wenyewe hulifananisha na kambi ya mateka wa vita. Mtazamaji wa Kiingereza alicheka, na katika kucheka akaona jambo ambalo pengine asingependa kuambiwa waziwazi: kwamba ukubwa wa taifa haumlishi mtu, na kwamba mjukuu wa mtawala aweza kuwa kibarua wa mtawaliwa, naye asipungukiwe na utu kwa sababu hiyo.

Tena mchezo huu unatuonyesha kitu ambacho hesabu za serikali hazituonyeshi. Hesabu zitakuambia ni watu wangapi waliondoka. Hazitakuambia waliishije. Mtazame Neville. Ni kijana, ameoa karibuni, na mkewe Brenda amebaki nyumbani. Kwake Ujerumani ni kama kifungo. Anahesabu siku, anangoja barua, anaogopa kusahauliwa. Mtazame Dennis, mtu mzima ambaye wenzake humfuata kama mkubwa wao. Ndoa yake imeharibika, na ugenini anampenda mwanamke wa Kijerumani, Dagmar, hata hajui tena kwake ni wapi. Mtazame Oz, ambaye naye ana mke na mtoto, lakini mshahara wake huishia katika pombe, na safari kwake ni njia ya kukimbia nyumba. Hao ni watu watatu wa mji mmoja, kazi moja, na banda moja. Mmoja anaishi kwa ajili ya kurudi, mmoja ameshikwa katikati, na mmoja hataki kurudi. Nadhani hata hapo ulipo unaweza kuwataja watu watatu wa namna hiyo kwa majina yao.

Wala tusiwasahau walioachwa. Mwanamume anapokwenda mbali, kazi ya nyumbani haiendi naye. Kulipa kodi ya nyumba, kulea watoto, kujibu wenye madeni, yote humwangukia mwanamke. Kwa hiyo fedha inayopelekwa nyumbani ina jasho la watu wawili, si la mmoja.

Mwisho wa sehemu ya kwanza ya mchezo nao una somo lake. Hakuna adui anayewashinda. Kanuni za kodi kwa wafanya kazi wageni zinabadilishwa, faida ya kukaa inapungua, na kundi linatawanyika. Hata banda lao linateketea kwa moto. Hayo ni ya mchezo, lakini hayakuwa mbali na mambo ya kweli ya siku zile. Mwaka 1983 Ujerumani ya Magharibi yenyewe ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 wasio na kazi. Mwezi Novemba mwaka huo, mwezi ule ule mchezo ulipoanza, ilitungwa sheria ya kuwapa maki 10,500 wafanya kazi wa Uturuki na wa nchi nyingine kadhaa waliopoteza kazi, ili wakubali kurudi kwao pamoja na jamaa zao. Basi waliopokewa kwa pikipiki walikuwa sasa wanaagwa kwa fedha.

Sasa turudi katika swali letu la kwanza. Je, mchezo ni historia? Jibu ni kwamba mchezo ni shahidi, na shahidi lazima ahojiwe. Uliza: nani amesema? Amemwambia nani? Ameacha nini? Mchezo huu uliandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Mahali pa ujenzi panapoonekana palitengenezwa Elstree, karibu na London, na picha nyingine zilipigwa Hamburg, si Düsseldorf. Kwa hiyo usiutumie kujifunza sura ya Düsseldorf, wala mawazo ya Wajerumani. Utumie kujifunza jinsi Waingereza walivyojiona wenyewe wakati wa shida.

Hatari ya kutomhoji shahidi ilionekana baadaye. Mchezo uliendelea mwaka 1986, kisha ukafufuliwa mwaka 2002. Katika sehemu hiyo ya 2002 mafundi wetu wanalifungua daraja mashuhuri la chuma la Middlesbrough, lipate kuuzwa na kujengwa upya Marekani. Watu wengine waliamini kwamba daraja limeuzwa kweli, hata ikabidi watazamaji watangaziwe kwamba bado liko mahali pake!

Na historia haikusimama. Mwaka 2004 nchi kadhaa za Ulaya ya Mashariki, Poland ikiwa mojawapo, ziliingia katika Umoja wa Ulaya, na waashi wa Kipolandi wakaja kwa wingi kujenga Uingereza. Mwingereza aliyekuwa mgeni Düsseldorf akawa mwenyeji kwake, na wengine wakawasema Wapolandi maneno yale yale aliyokuwa akisemwa yeye. Kisha Uingereza ikatoka katika Umoja huo tarehe 31 Januari 2020, na mwisho wa mwaka huo uhuru wa kwenda na kurudi kazini ukakoma. Mlango uliofunguliwa mwaka 1973 ulikuwa umefungwa tena. Kijana wa Newcastle akitaka leo kwenda kuweka matofali Düsseldorf, hana budi kuomba ruhusa kwanza, kama Mturuki alivyolazimika.

Basi shika neno hili moja kutoka somo la leo. Mtu aendaye kazi ugenini hudhani amejichagulia njia, na kweli ushujaa wa kuondoka ni wake. Lakini njia yenyewe huchongwa na viwanda, fedha na sheria, na waliochonga jana waweza kuiziba kesho. Kwa hiyo mwenye busara huuliza habari za sheria kabla hajauliza habari za mshahara.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja mambo matatu yaliyomfanya mwashi wa Kiingereza kwenda Ujerumani. Lipi, kwa maoni yenu, lilikuwa na nguvu zaidi?

2. Kwa nini mwaka 1973 ulikuwa mwaka wa heri kwa wengine na wa hasara kwa wengine?

3. Wazee wetu waliokwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Linganisheni maisha yao na ya watu wa banda la Düsseldorf. Yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi?

4. Kama mngetunga mchezo juu ya mtu wa kijiji chenu aliyekwenda kazi mbali, mngemweka nani ndani yake ambaye kwa kawaida husahauliwa?